Spika Ambazo Google Haizijui

Kila nikiweka video ya keja yangu hapa, watu hawaulizi kuhusu kamera wala taa. Swali ni moja tu: "Msee, hizo spika za mbao ni za kampuni gani?" Wengine wamepiga skrini picha, wakaiweka kwa Google, wakarudi kuniambia hawajapata kitu. Kuna mmoja alisema nimenunua boksi tupu za kupamba video.

Nimekuwa nikikwepa hili swali karibu miezi minne. Leo nitalijibu, lakini jibu lenyewe ni refu. Ndani yake kuna yale nimejifunza kuhusu kununua spika na mashine za muziki za zamani, na pia kuna kitu nilifanya ambacho sijivunii. Nikikupa moja bila lingine nitakuwa nakudanganya.

Tuanze na ujinga wangu, kwa sababu nililipa karo.

Wufa yangu ya kwanza nilinunua mjini kwa duka moja lenye taa za kila rangi. Mbele ilikuwa imeandikwa wati 1,000, na herufi ndogo PMPO. Nilipofika nyumbani nikageuza nyuma, nikakuta kibandiko kinachosema mashine yote inakula wati 40 za umeme. Sasa fikiria hapo kidogo. Kitu kinachokula 40 kitakupa 1,000 kutoka wapi? PMPO ni namba ya kuuzia tu, haina kipimo chochote ambacho makampuni yamekubaliana. Ile wufa ilipiga besi moja ya "bumbum" kwa kila wimbo, iwe ni gengetone ama ni kwaya ya kanisa. Baada ya miezi mitano ikanyamaza.

Ya pili iliniuma zaidi. Nilipata amplifaya kutoka Japani, uso wa aluminiamu, visu vya kuzungusha vizito vizuri, sindano mbili zinazocheza na muziki. Muuzaji alikuwa ameifungia waya wenye plagi ya miguu mitatu kama zetu, kwa hivyo sikuuliza. Nikaweka kwa soketi. Sindano zilicheza mara moja, halafu nikasikia harufu, halafu moshi. Nyuma yake, kwa herufi ndogo, ilikuwa imeandikwa 100V. Kule Japani umeme wa nyumbani ni volti 100. Wetu ni 240. Nilikuwa nimeilisha zaidi ya mara mbili ya chakula chake. Hiyo ilikuwa thao saba, pesa za video tatu nilizopigia mtu wa harusi, zikapaa kwa sekunde nne.

Kwa hivyo sheria ya kwanza, na kama husomi zingine soma hii: geuza kitu nyuma kabla ya kuuliza bei. Vitu vilivyotoka Uingereza vinakubali umeme wetu, na hata plagi zao ni kama zetu, ndiyo maana wauzaji wanapenda kusema "ex-UK". Vilivyotengenezewa soko la Japani au Marekani vinahitaji transfoma ya kushusha volti, na hiyo nayo ni bei nyingine. Mbele ya mashine ndiyo imetengenezwa ikuvutie. Nyuma ndiyo kuna habari.

Baada ya ule moshi nilianza kukaa na fundi mmoja wa Ngara kila Alhamisi. Sikuwa mwanafunzi rasmi. Nilikuwa nashika tochi, naenda kununua chai, naulizwa maswali. Yeye ndiye alinifundisha kwamba spika haitambuliwi kwa jina lililobandikwa kwa kitambaa cha mbele. Jina linaweza kubanduliwa na kubandikwa lingine. Nimeona kwa macho yangu boksi za plaiwudi nyepesi zikiwa na jina la JBL lililokatwa kwa kibati. Alinifundisha kuangalia hivi.

Kwanza, ukingo wa koni. Ile duara laini inayoshikilia koni na fremu. Kama ni sponji, ya miaka ya 1970 au 1980, iguse polepole sana. Mara nyingi imeoza, inabaki kwa kidole kama makombo ya keki. Hiyo haimaanishi spika imekufa, kwa sababu kuna mafundi wanabandika ukingo mpya, lakini lazima ushushe bei. Raba hukaa zaidi. Kitambaa kilichopakwa dawa hukaa hata zaidi.

Pili, fungua vidole vyako, viweke kuzunguka katikati ya koni, sukuma kidogo tu, sawa pande zote. Inafaa iende na kurudi kimya. Ukisikia kitu kinakwaruza, koili ndani imepinda ama imeungua. Usisukume katikati na kidole kimoja, na usiguse kabisa ile kuba ndogo ya twita. Ikibonyea, umeharibu spika ya mtu, na utalipa.

Tatu, betri. Hii ndiyo watu hunicheka nayo sokoni. Natembea na betri moja ya volti 1.5 na vipande viwili vya waya. Gusa waya kwa mkia wa spika sekunde moja. Utasikia "puk" na koni itaruka. Ukiweka upande chanya kwa nyekundu, koni inafaa itoke nje. Kama ya kushoto inatoka na ya kulia inaingia, mtu alizifungua akafunga waya kinyume, na besi itapotea ukizisikiliza pamoja.

Nne, kama una mita ya umeme, pima. Spika ya omu 8 itakuonyesha kama 6 hivi, usiogope, hiyo ni kawaida. Isipokuonyesha kitu, kuna waya umekatika. Ikionyesha karibu sifuri, kuna mahali waya zimegusana. Ukiwa na boksi yenye wufa na twita, unapima wufa tu hapo, twita iko nyuma ya kapasita. Kwa hivyo lazima pia uweke sikio karibu na twita muziki ukicheza.

Halafu kuna kusoma namba, na hapa ndipo nilishikwa kabisa na huu ugonjwa.

Makampuni mengi yenye majina kwa boksi hayakutengeneza vile vya ndani. Walinunua. Twita ya Celestion inayoitwa HF1300 utaikuta ndani ya Ditton 15 ya Celestion wenyewe, na pia utaikuta ndani ya Spendor BC1, jina tofauti, bei tofauti. Spika nyingi zilizotengenezwa Marekani zina namba iliyopigwa mhuri kwa fremu. Tarakimu za mwanzo ni mtengenezaji: 220 ni Jensen, 137 ni CTS, 328 ni Utah. Zinazofuata ni mwaka na wiki. Ukikuta 220-7423, hiyo ni Jensen ya wiki ya 23, mwaka wa 1974. Unaweza kuwa umesimama kwa vumbi la Gikomba, mwenye kibanda anakuita "boss" akitaka uamue haraka, na wewe unajua kitu kilizaliwa wiki gani.

Hata sumaku ina hadithi. Spika nyingi nzuri za zamani zilitumia sumaku ya alniko, mchanganyiko wa aluminiamu, nikeli na kobalti. Mwaka wa 1978 kulikuwa na vita Kolwezi, mkoa wa Shaba, nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Kobalti nyingi ya dunia ilikuwa inatoka huko. Bei ikapanda vibaya, na makampuni kama JBL yakahamia sumaku za feraiti, zile nyeusi pana kama chapati nene. Nilipojifunza hii nilikaa kimya dakika nzima. Watu wa Shaba wanaongea Kiswahili. Kilichotokea kwao kilibadilisha mgongo wa spika zinazouzwa Los Angeles, na sisi husomeshwa hivi vitu kama vyote vilianzia huko na kuishia huko.

Sawa. Sasa twende Buruburu.

Ilikuwa Jumamosi. Rafiki yangu mmoja alinipigia akasema kuna shosh mtaani kwao anauza vitu vya nyumba, anahamia kwa binti yake Nakuru. Nilifika nikakuta kabati, seti ya viti, jiko la gesi, sufuria kubwa za sherehe. Na kwa kona, chini ya kitambaa cha mashine ya cherehani, boksi mbili za mbao.

Nilijua ni mbao halisi kabla sijaziinua, kwa sababu pembe moja ilikuwa imegongwa na ndani ya hiyo alama mbao iliendelea, siyo vumbi lililogandishwa na gundi. Nilipoinua, mgongo ulilia. Mbele hakukuwa na jina. Nyuma hakukuwa na kibandiko, ila mikia miwili, nyekundu na nyeusi. Nikatoa kitambaa cha mbele. Wufa ilikuwa ya inchi nane, koni yake nyeusi ya plastiki yenye mng'ao fulani kama imelambwa, ukingo wa raba, mzima kabisa. Juu yake twita ya kuba ndogo. Kwa boksi moja twita ilikuwa imesogezwa kidogo kushoto, kwa nyingine kulia. Mtu alifanya hivyo makusudi. Hizi zilikuwa jozi, kama viatu.

Nilikuwa nimewahi kuona koni kama hiyo kwa benchi ya fundi wangu. Moyo ulianza kwenda mbio.

"Shosh, hizi nazo?"

"Hizo za mzee. Zilikuwa zinalia zamani. Sijui kama bado zinalia."

"Unaziuza ngapi?"

Akaniangalia, akaziangalia. "Wewe utanipa ngapi, mjukuu?"

Hapa ndipo pale nilisema sijivunii. Nilijua. Sikujua kila kitu, lakini nilijua ya kutosha. Nikaweka ile sura ambayo sote tunaweka sokoni, ile ya mtu aliyechoka na asiyetaka kitu. Nikasema, "Hizi ni za zamani sana shosh. Hazina hata jina. Labda nichukue tu hizo mbao." Nikampa 2,500 kwa zote mbili. Akakubali bila kubishana. Hata akanipa chai na mkate uliopakwa siagi, akanisaidia kutafuta kamba ya kufungia.

Ile chai ilinikaa kifuani wiki nzima.

Nyumbani niliziunganisha kwa amplifaya yangu ndogo. Ya kulia ilikuwa safi. Ya kushoto ilikuwa inaimba lakini juu kulikuwa na kitu kama kikohozi, sauti za vyombo vyembamba zinakuja na kupotea. Hata hivyo, manze. Niliweka Les Wanyika, na kwa mara ya kwanza nikasikia besi ya Tom Malanga ikitembea. Ilikuwa inatembea yenyewe, na gitaa zikiongea juu yake, na kila mmoja amesimama mahali pake kwa chumba changu cha futi kumi kwa kumi. Nilikuwa nimesikia hizo nyimbo kwa matatu na kwa arusi maisha yangu yote. Sikuwa nimewahi kujua kuna watu wangapi ndani yake.

Nikaanza kutafuta jina. Siku tatu. Picha za mbele, za nyuma, za pembeni, katalogi za zamani za Wharfedale, za Goodmans, za Sansui. Nikatuma picha kwa watu wa Uingereza na Ujerumani wanaokusanya hivi vitu. Kila mmoja aliniambia zinafanana na kitu, lakini siyo hicho kitu. Vipimo havikuingiana na chochote.

Siku ya nne nikachukua bisibisi.

Ukitoa skrubu za wufa, unaishika na mkono kwa chini isidondoke, unaivuta polepole kwa sababu waya ni fupi. Nyuma ya sumaku kulikuwa na kibandiko: KEF, B200, SP1014. Nikatoa twita: KEF, T27, SP1032. Nikaruka kwa hiyo keja hadi jirani akagonga ukuta.

KEF ilianzishwa mwaka wa 1961 na Raymond Cooke huko Kent, Uingereza. Walitumia wufa hiyo na twita hiyo kwa spika zao wenyewe, kama Chorale. T27 ndiyo pia iko ndani ya LS3/5A, ile spika ndogo iliyobuniwa na BBC miaka ya 1970, ambayo watu wanaisaka mpaka leo. Kwa hivyo nilikuwa na moyo wa Uingereza. Lakini mwili ulikuwa wa nani?

Nikaingiza tochi ndani. Badala ya pamba ya kiwandani, boksi ilikuwa imejazwa vipande vya blanketi la kijivu, yale mablanketi ya shule ya bweni, vimepigwa misumari midogo kwa mstari uliopangwa. Mbao zilikuwa mvule. Na ile krosova, yaani saketi ya kugawa sauti, wufa ipate yake na twita ipate yake, ilikuwa imefungwa juu ya kipande cha plaiwudi nyembamba. Kwa hiyo plaiwudi kulikuwa na herufi kubwa nyeusi, zimekatwa nusu na msumeno. Nilisoma: MOMB. Ilikuwa kipande cha kasha la kusafirishia majani chai.

Niliketi sakafuni. Siku tatu nilikuwa nazunguka Ulaya na Japani kutafuta kampuni iliyotengeneza hizi spika, na zilikuwa zimetengenezwa hapa hapa. KEF walikuwa wanauza wufa na twita peke yake, na michoro pia, kwa watu wanaotaka kujijengea. Mtu fulani Nairobi alijijengea. Hakuandika jina lake kwa sababu hakuwa anauza jina.

Jioni hiyo hiyo jamaa mmoja niliyemtumia picha akajibu. Alikuwa tayari kunipa 18,000 kwa zile wufa na twita nne. Boksi hataki, mizigo. "Hizo mbao choma," akaandika, na akaweka kicheko.

Wacha nikuambie ukweli. Kodi yangu ilikuwa imechelewa siku sita. 18,000 kwa kitu nilichonunua 2,500 siyo mchezo. Na kwa huu mtaa wetu wa wawindaji wa vitu vya zamani, hiyo ingekuwa hadithi ya kusifiwa. Tunapenda sana hizo hadithi. Msee alipata hiki kwa mia tano kutoka kwa mama fulani ambaye hakujua. Kila mtu anaweka moto kwa komenti. Hakuna anayeuliza huyo mama alikuwa anauza kwa nini.

Najua mtakachosema, kwa sababu nilijiambia vyote. Biashara ni biashara. Nilimuuliza bei, akaniachia niseme. Nililipia elimu yangu na moshi wa thao saba, kwa nini nisivune? Na hapo kuna ukweli. Nikienda Gikomba, mwenye kibanda amenunua kwa bei ya kutupa, anajua kazi yake na anataka faida yake. Pale tunapigana kwa silaha sawa, macho yake na yangu, na nikishinda nimeshinda. Sioni deni hapo.

Lakini shosh hakuwa na kibanda. Aliniuliza swali la moja kwa moja: wewe utanipa ngapi? Alinichukua mimi kama mtu anayejua, na ni kweli nilikuwa najua, na nilitumia kule kujua kumwambia kwamba kitu chake hakina thamani. Tofauti iko hapo. Kunyamaza ningeweza kujitetea. Lakini mimi sikunyamaza tu. Nilisema "hazina hata jina" nikijua inamaanisha nini kwake na inamaanisha nini kwangu.

Jumanne nikapanda matatu kurudi Buruburu. Alikuwa bado hajahama. Nikamwambia yote, haraka haraka, macho chini. KEF, Uingereza, 18,000, kasha la chai. Nikamwambia kama anazitaka nitamrudishia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akacheka.

"Kwani ulifikiri sijui nani alizitengeneza? Nilikuwa nashika hizo mbao akipiga msumeno. Hapa nje hapa. Mwaka ule Mzee Kenyatta alikufa."

Akaniambia mume wake alikuwa fundi wa redio. Vile vya ndani vililetwa na binamu yake aliyekuwa anasomea unesi Leeds, amevifunga ndani ya sweta za watoto. Blanketi lilikuwa la kijana wao mkubwa, na alilia siku lilipokatwa. Alitengeneza jozi tatu. Moja alimuuzia mwalimu, moja ikaenda kwa baa na haikurudi. Hii ndiyo alibaki nayo. Jumapili walikuwa wanaweka VOK kwa sauti, na majirani wanaleta viti vyao nje.

Nikauliza kwa nini basi aliziuza.

"Nimepanguza vumbi ya hayo masanduku miaka arobaini na kitu, mjukuu. Kwa binti yangu hakuna nafasi hata ya viatu vyangu. Ningempa nani? Watoto wangu wanataka ile ya ukutani yenye taa." Akanyamaza kidogo. "Lakini uliniambia hazina maana. Hiyo nilisikia."

Sikuwa na la kusema. Nikasema pole.

"Pole sawa. Sasa niambie bei yake ya ukweli, ya kuzichukua hivyo zilivyo, bila kuzipasua."

Nikamwambia hapa Nairobi, hivyo zilivyo, bila jina, mtu anayeelewa angetoa kama 8,000. Mtu asiyeelewa asingetoa hata moja. Akafikiria. Akasema nimwongeze 5,000, iwe 7,500, na ile 500 inayobaki ni ya nauli yangu ya kurudi kusema ukweli. Nilikuwa na 3,000 kwa simu. Nikamtumia. Akavaa miwani, akasoma ujumbe wa M-Pesa mpaka mwisho pamoja na salio, akasema zingine ni kabla ya mwisho wa mwezi. "Na kabla sijaenda Nakuru, zilete nizisikie."

Hapo nikakumbuka kikohozi. Krosova nyingi za zamani zina kapasita za maji maji ndani ambazo hukauka zikizeeka, na twita inaanza kupoteza sauti. Mimi na fundi wangu tulibadilisha zote, kushoto na kulia, tukiweka za namba ile ile ya maikrofaradi, ile iliyoandikwa ubavuni. Vipande vilikuwa chini ya mia nane. Hatukugusa kile kipande cha plaiwudi. Tuliacha MOMB pale pale na blanketi pale pale. Yule jamaa wa 18,000 nilimwambia haziuzwi. Kodi nililipa na pesa za harusi nyingine, na landilodi alinipigia kelele, na hiyo ndiyo ilikuwa bei ya kila kitu.

Jumapili iliyofuata nilizibeba kwa matatu. Kondakta alinilipisha viti vitatu, kimoja changu na viwili vya spika, na hakutaka kusikia hadithi. Shosh alikuwa ameweka kiti kimoja katikati ya sebule tupu. Vingine vilikuwa vimeshauzwa. Nikaziweka mahali ambapo kwa sakafu kulikuwa bado na alama mbili za mraba, nikaunganisha, nikaweka Les Wanyika kwa sababu ndiyo nilijua.

Alisikiliza wimbo mzima bila kusema kitu. Mimi nilikuwa nangoja alie, nitakuwa mkweli, nilikuwa hata nimefikiria kuchukua video. Simu niliiacha mfukoni. Wimbo ulipoisha akaonyesha ile ya kushoto na kidole.

"Hiyo ilikuwa na kikohozi. Alijaribu miaka mingi kuitibu. Umeifanyaje?"

Nikamweleza kuhusu kapasita. Akauliza zilikuwa bei gani. Nikamwambia. Akatikisa kichwa.

"Mia nane tu," akasema. "Weka ingine."

Kwa hivyo wale mnaouliza kampuni, hakuna kampuni. Ni KEF ndani, mvule nje, kasha la chai nyuma, na mzee mmoja wa Buruburu ambaye hakubandika jina. Ukienda kutafuta zako, beba betri na waya mbili. Geuza kila kitu nyuma. Na ukiulizwa na mtu asiye na kibanda "wewe utanipa ngapi", mwambie kwanza ni kitu gani ameshika. Halafu ndiyo muongee bei.